Mwaka 1979 tulikuwa na haki ya kwenda hadi Kampala, au ilitosha kumrudisha Amin ng'ambo ya Mutukula?

#1 Mtemi wa Igogo
Wakuu, heshima kwenu.

Kumtoa Idi Amin wa Uganda kwenye ardhi yetu ya Tanzania ilikuwa haki, hapo sina ugomvi na mtu. Aliingia Oktoba 30, 1978, akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto Kagera, kisha jeshi lake likalipua daraja la Kyaka. Nchi yoyote ingepigana. Lakini Januari 1979 ilipokuwa inaisha, Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, ilikuwa mikononi mwetu na ardhi yetu yote imerudi. Kutoka pale kwenda Masaka, Mbarara, Entebbe hadi Kampala ni vita nyingine kabisa. Huko ni kuingia kwa jirani na kubadilisha serikali yake kwa mtutu wa bunduki. Tumewalaani Wamarekani kwa jambo hilohilo Irak mwaka 2003, tukawalaani NATO kwa Libya mwaka 2011.

Nauliza kwa sababu hapa Mwanza kila kijiwe kina msimamo mkali kuhusu nani ameingia Goma kule Kongo na nani amemtuma. Ukigusa 1979, watu haohao wanataka uimbe tu. Kanuni ni moja au tuna vipimo viwili?

#2 Fundi Redio
Sababu tulikuwa nayo, uwezo tulikuwa nao, nia tulikuwa nayo. Uzi ufungwe.

#3 Mjukuu wa Kyaka
Mleta mada, wewe uko Igogo unatazama ziwa. Bibi yangu alikuwa kaskazini ya mto. Alivuka na watoto usiku, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, mwingine anamfuata ameshika upindo wa kanga. Waliporudi baada ya vita, nyumba ilikuwa kuta peke yake. Bati zimeng'olewa, milango imeng'olewa, hata miimo ya milango imebebwa. Migomba ilikuwa imegeuka pori, na kwenye kisima kulikuwa na kitu ambacho bibi mpaka anafariki hakukubali kukitaja mbele yetu.

Watu waliouawa kule wanakadiriwa kufika 1,500. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kwenda Uganda. Halafu uniambie tusimame Mutukula, tumwache ajipange, arudi tena baada ya mwaka? Bibi asingekuelewa.

#4 Wakili wa Pasiansi
Naongezea hapo kwa Mjukuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unairuhusu nchi iliyoshambuliwa ijilinde. Hausemi popote kwamba ukifika kwenye jiwe la mpaka uweke silaha chini wakati adui amesimama mita mia mbili mbele yako anasubiri mzigo kutoka nje. Na mzigo ulikuja kweli. Gaddafi alileta askari, na Machi 1979 vijana wetu walikutana nao Lukaya.

Ila kujilinda nako kuna mipaka. Nguvu iwe ya lazima, na ilingane na hatari yenyewe. Hapo Mtemi ana hoja, na sitaki tuipige teke kwa sababu ya uzalendo. Swali gumu ni hili: hatari iliisha lini? Mutukula? Lukaya? Au hadi Amin atoke Ikulu?

Kuhusu vipimo viwili, tazameni miezi ileile. Vietnam iliingia Kambodia Desemba 25, 1978, na Januari 7, 1979 ikauchukua mji mkuu, Phnom Penh, na kumng'oa Pol Pot. Naye alikuwa ameshambulia mpaka wa Vietnam na kuua raia. China ikaivamia Vietnam kuiadhibu, na kiti cha Umoja wa Mataifa kikabaki kwa watu wa Pol Pot kwa miaka. Sisi tulilaumiwa Monrovia Julai 1979 kwenye kikao cha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakasema yao, kisha mambo yakaisha. Kesi zinafanana sana, hukumu zikawa tofauti. Ukitaka kujua kwa nini, tazama rafiki wa nani alikuwa nani, wala usihangaike na vitabu vya sheria.

#5 Mtemi wa Igogo
Mjukuu wa Kyaka, pole kwa bibi, na simaanishi kudharau. Lakini umejibu swali la 1978, mimi nauliza la 1979. Mutukula yenyewe ilikuwaje tulipoichukua? Nyumba zilisawazishwa kwa tingatinga na kuna raia waliuawa. Mwalimu Nyerere alishtuka, akaamuru askari wasiguse tena raia wala mali zao. Haya, Februari tukafika Masaka. Kilichofuata mnakijua?

#6 Kamanga Feri
Mnasahau kwamba Mwanza yenyewe ilipigwa bomu. Wazee wa Kirumba wanasimulia mpaka leo. Amin alituma ndege ipige matangi ya mafuta, ikakosa shabaha. Mnataka mtu apigwe bomu halafu akae anasoma ibara?

#7 Nshomile wa Kashozi
Tuweke rekodi sawa, Kamanga Feri, umechanganya vita mbili. Ndege za Amin zilipiga Bukoba na Mwanza mwaka 1972, baada ya wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuingia Uganda wakitokea kwetu mwezi Septemba na kushindwa. Ndiyo maana yakaja makubaliano ya Mogadishu, Oktoba mwaka uleule. Ndege ya Machi 1979 ilikuwa ya Libya, aina ya Tupolev 22. Ilifuata matangi ya mafuta kweli, lakini mzigo wake uliangukia kisiwa cha Saanane, ukaua swala.

Na hiyo ya 1972 ina maana kubwa kwenye mada hii, sijui kwa nini mnairuka. Waganda wenye silaha walitokea ardhi yetu, sisi tukijua, kwenda kuipindua serikali yao. Amin alikuwa mkatili, lakini hofu yake juu yetu haikuwa ya kubuni.

#8 Fundi Redio
Nshomile akipata nafasi ya kusahihisha mtu anafurahi kuliko aliyevuna kahawa yake. Swala wa Saanane hata mimi nilisimuliwa, ila Tupolev sijawahi kuisikia. Asante.

#9 Nalubaale
Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Masaka, nafanya biashara ya nyavu hapa Mwanza. Mtemi ameuliza kama mnajua kilichofuata. Mimi najua.

Masaka ilichukuliwa Februari 24, Mbarara siku iliyofuata. Masaka ilipigwa kwanza na mizinga, halafu baada ya askari kuingia, majengo yakalipuliwa moja baada ya jingine. Ilikuwa kisasi cha Kagera. Babu alikuwa na duka barabara kuu. Nilipokuwa mtoto duka lile lilikuwa kuta nne zisizo na paa, ndani umeota mti mkubwa, na sisi tulicheza humo tukidhani kila mji una majumba ya namna hiyo. Mji ulikaa hivyo miaka mingi mno.

Lakini babu huyohuyo alishangilia Amin alipoanguka. Kaka yake alichukuliwa na watu wa usalama mwaka 1977, mwaka aliouawa Askofu Mkuu Luwum, na hakuonekana tena. Babu alikuwa akisema Watanzania wamemvunjia duka na wamemrudishia usingizi. Hakuwahi kuchagua kimoja akaacha kingine, na mimi sitaki mtu anichagulie.

#10 Mjukuu wa Kyaka
Nalubaale, nimekusoma mara mbili. Sina la kubishana na wewe.

#11 Dada wa Mwaloni
Wakaka mnapigana na mizinga tu. Niwaambie vita ilivyoingia jikoni. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi kumi na minane. Mama yangu alikuwa anauza dagaa, anasema miezi hiyo haikuisha hadi Mwalimu mwenyewe anang'atuka mwaka 1985. Alikuwa anapanga foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri, ukifika mlangoni unaambiwa leo kuna kiberiti, sabuni hakuna. Watu waliacha mawe kwenye foleni wakaenda kunyonyesha. Kilo ya sukari inagawanywa nyumba tatu. Kanga moja anavaa mama leo, kesho dada yake.

Gharama ya vita inatajwa kuwa kama dola milioni 500. Waganda walipata uhuru, sisi tukapata foleni. Sisemi tusingeenda. Nasema aliyeamua kwenda Kampala hakuwa kwenye ile foleni.

#12 Mwalimu Mstaafu, Nyakato
Dada, foleni ni kweli kabisa, lakini vita inabebeshwa na mizigo ya wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda sana 1976 na 1977, kisha ikaporomoka. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka. Weka na mashirika ya umma yaliyokuwa yanaendeshwa kwa hasara, na vijiji vilivyohamishwa mashamba yakabaki nyuma. Nilikuwa nafundisha wakati huo, chaki zilianza kukosekana kabla ya Amin kuvuka mto. Vita ilikanyaga uchumi uliokuwa tayari umelala chini.

#13 Dada wa Mwaloni
Mwalimu shikamoo. Sawa, ulikuwa umelala. Ndiyo ukaukanyage?

#14 Mzee wa Magu
Vijana hamjambo. Nimewasoma wote, sasa na mimi niseme kidogo.

Nilikwenda nikiwa mgambo. Jeshi la kudumu lilikuwa halitoshi, wakachukua sisi wa vijijini, mafunzo ya haraka, bunduki, twende. Mnavyosema juu ya Masaka, nilikuwepo nyuma kidogo, niliona moshi. Tulikuwa tumepita Kyaka kwanza na tumeona yaliyokuwa Kyaka. Kijana wa miaka ishirini akiona yale, amri ya Mwalimu inafika masikioni tu, moyoni haifiki. Nasema ilivyokuwa, sijisafishi.

Halafu kurudi. Wengine walirudi na redio, wengine na baiskeli, wengine na kitu kimefungwa ndani ya turubai. Miaka miwili mitatu baadaye huku usukumani wezi wa ng'ombe wakaanza kuja na bunduki. Zamani mwizi wa ng'ombe alikuja na mkuki, mnapiga yowe mnamfukuza. Sasa anakuja na SMG, utapiga yowe ya nini? Ndipo sungusungu ikaanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu wakajilinda wenyewe kwa pinde. Na sungusungu nayo ikawa na mambo yake, vikongwe wenye macho mekundu waliuawa kwa kuitwa wachawi. Mkiandika matokeo ya vita msiishie Kampala. Njooni hadi Magu.

Mafao yangu nilifuatilia kwenye ofisi moja mpaka viatu vikaisha. Hilo liacheni.

#15 Nshomile wa Kashozi
Mzee shikamoo. Umegusa mahali ambapo historia za sherehe huwa hazifiki. Sungusungu nadhani asili yake ni Kahama, ikasambaa kuja Mwanza, ila kwamba silaha za vita zilichochea wizi wa ng'ombe, hilo wengi wanakubaliana nalo.

Niongeze jingine la kwetu Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda. Familia ya baba yangu ilibakiwa na bibi na wajukuu. Wazee wetu wengi wanaamini ni askari na wakimbizi wa vita walioleta.

#16 Muuguzi wa Bugando
Kaka Nshomile, pole sana. Lakini kuwa mwangalifu na hiyo "walioleta". Virusi vilikuwa vinazunguka ukanda huu kabla ya 1978, vita au bila vita. Kulikuwa na magendo ya kahawa, madereva wa malori, bandari za ziwa, vijana kuhama kutafuta kazi. Vita ilihamisha watu wengi kwa mkupuo na kuvunja ndoa nyingi, kwa hiyo inawezekana iliongeza kasi. Kusema ndiyo chanzo ni kuwabebesha wanaume waliokufa vitani lawama nyingine wasiyoweza kuijibu.

#17 Mtemi wa Igogo
Nashukuru uzi umekua. Sasa turudi kwenye siasa, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Machi 1979, vita ikiendelea, Waganda wa uhamishoni walikusanywa Moshi. Wakatoka na Yusuf Lule. Akaapishwa Aprili baada ya Kampala kuanguka, Juni 20 akaondolewa. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na tume ya kijeshi ya Muwanga. Desemba 1980 uchaguzi, Obote akatangazwa mshindi. Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Luwero, walikokufa raia wengi, mnaijua. Muda mwingi wa mlolongo huo, jeshi letu lilikuwa kulekule Uganda na neno letu lilikuwa na uzito kuliko la nchi yoyote.

Obote alikuwa rafiki wa Mwalimu, alikaa kwetu tangu alipopinduliwa Januari 1971. Mganda wa kawaida aliuonaje mchezo huo? Umemtoa mtu wako uliyemchukia, ukamrudisha mtu wako uliyempenda. Haki tuliyokwenda nayo kwenye vita haikutupa haki ya kuwachagulia waume baada ya msiba.

#18 Wakili wa Pasiansi
Hapo nakubaliana nusu. Ni kweli kivuli chetu kilikuwa kirefu Kampala. Lakini Lule aliangushwa na Waganda wenzake, baraza lao lilikuwa na makundi ambayo hayakuaminiana tangu Moshi. Tungeondoka Mei 1979, ungekuja hapa kutushtaki kwamba tumevunja nchi tukakimbia, kama inavyosemwa leo kwa Libya: Gaddafi ameuawa Oktoba 2011, walioingia na ndege wakarudi kwao, nchi ikagawanyika. Ukibaki unaitwa mkoloni. Ukiondoka unaitwa mhuni. Nani ana dawa ya hilo?

Na mnaotaka tusiingie kabisa kwa jirani, nendeni mkasimame Rusumo. Aprili 1994 watu wanachinjwa Rwanda, Umoja wa Mataifa unapunguza askari wake mpaka 270. Hakuna aliyeingilia kwa wakati. Maiti zilipita kwenye mto Kagera, uleule, zikaja ziwani. Wakimbizi kama robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja hivi. Kutoingilia nako ni uamuzi, na unaua.

#19 Dada wa Mwaloni
Hilo la 1994 nalikumbuka vizuri. Upande wa Rakai, Uganda, ndiko maiti zilikokusanywa kwa wingi wakazikwa kwa pamoja, lakini hata huku watu waligoma kula samaki. Mteja anageuza sangara, anamwangalia tumboni, anamrudisha mezani. Mama alirudi na beseni limejaa.

#20 Kamanga Feri
Sasa Wakili, kwa hoja yako hiyo kila mwenye jeshi atasema anaokoa. Rwanda na Uganda ziliingia Kongo 1998 zikisema zinajilinda, mwaka 2000 zikapigana zenyewe kwa zenyewe Kisangani, mji wa watu wengine. Mahakama ya Kimataifa ilisema mwaka 2005 Uganda ilikosea, na 2022 ikaamua ilipe dola milioni 325. Kujilinda kumekuwa koti, kila mtu analivaa.

#21 Wakili wa Pasiansi
Ndiyo maana nikataja ulazima na ulinganifu hapo #4. Hukusoma.

#22 Kamanga Feri
Nilisoma. Nani anapima? Mwenye bunduki mwenyewe.

#23 Fundi Redio
Hapo sasa! Wakili kakaa kimya, mtandao umekata Pasiansi.

#24 Mwenyeji wa Chato
Wakuu, mmemgusa Kongo mkamwacha. Mwaka 2013 vijana wetu walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa, wao na Afrika Kusini na Malawi. Waasi wa M23 wakapigwa, Novemba ikaisha. Hapo serikali ya Kongo yenyewe iliomba, na Baraza la Usalama liliruhusu. Masharti yote ya Wakili yametimia. Desemba 2017 tukapoteza vijana wetu Semuliki kwa shambulio la waasi wa ADF. Januari 2025 M23 wako Goma tena. Mwaka huohuo jeshi la SADC likaondoka, magari yakapita Rwanda yakaja hapa kwetu Chato, tuliyaona yakipita barabarani.

Kwa hiyo nauliza wote wawili, Mtemi na Wakili: uingie kwa ruhusa au bila ruhusa, kama wenye nchi hawajapatana, ulichoshinda unamkabidhi nani?

#25 Mtemi wa Igogo
Swali lako ndilo nililotaka kuuliza tangu #1, nikakosa namna ya kuliweka. Bado nasimama palepale. Tungeishia Mutukula.

#26 Mjukuu wa Kyaka
Na mimi bado nasimama Kyaka. Ila lile la Nalubaale limenikaa. Hivi watu wa Masaka waliwahi kulipwa chochote kwa yale majengo? Na upande wetu, Uganda ililipa nini kwa bati za bibi? Mwenye nyaraka aziweke.

#27 Nalubaale
Kwa babu halijafika kitu. Duka lilijengwa upya na baba, kwa pesa za samaki.

#28 Mzee wa Magu
Mjukuu, Septemba mosi nenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya wenzangu. Kuna wa rika langu huwa wanakuja kila mwaka, baadhi yao walikuwa Masaka. Waulize hilo la majengo. Wakikuona umetoka Kyaka watakujibu. Na wewe Nalubaale, ukitaka, nenda naye. Mseme mmetumwa na mimi.